Gaidi wa Mzee Thuo

Kwa miaka kumi na mmoja kazi yangu imekuwa kutembeza wageni Kibera. Jina langu ni Yasin Abdelkarim, Mnubi, mzaliwa wa hapa hapa, na nyumba yetu iko Kianda. Wageni hushuka kwenye gari wakiwa wamejipaka mafuta ya jua hadi ndani ya masikio, nami huwapokea nikiwa na kofia pana na filimbi shingoni. Filimbi haina kazi yoyote. Niliinunua kwa sababu niliona mtu mwingine aliyeivaa akiheshimiwa.

Nimewaeleza watu kutoka nchi ishirini jinsi ya kusafiri. Usiache begi lako. Usipige mtu picha bila kumwomba. Usimfuate usiyemjua. Mimi mwenyewe mahali pa mbali zaidi nilipokuwa nimefika ni Mombasa, tena nilikuwa nimeenda mazishi. Lakini hilo hakuna aliyewahi kuniuliza, na mimi si mtu wa kujibu swali ambalo halijaulizwa.

Sasa kuna huyu Mzee Thuo wa Kawangware. Ana ploti mbili za nyumba za kupangisha, umri miaka sitini na nne, mtu mnene, mpole, anayecheka kwa mabega bila kutoa sauti. Binti yake Wamuyu huuza tikiti za ndege, na mara mbili tatu alikuwa ameniletea wageni. Mwaka juzi aliwakatia wazazi wake safari ya India, wiki mbili, miji mitatu: Mumbai, Jaipur na Kolkata. Mamake, Beth, akakataa katakata. Alikuwa na mayai mia mbili kwenye mashine ya kutotolea vifaranga, na hakuona India ina nini cha kushinda hayo.

"Mtafutie babako mtu wa kumshika mkono," akasema. Wamuyu akanipigia simu.

"Yasin, India unaijua?"

"India?" nikamjibu, kama mtu aliyeulizwa kama anajua choo chake kiko wapi. "Hata lugha yao naongea."

Haukuwa uongo mtupu. Nikiwa kijana nilishinda kwenye ukumbi wa video pale Makina, nikitazama filamu za Kihindi hadi nikakariri sentensi kama thelathini. Kitu ambacho sikuwa nimekifikiria ni sentensi zenyewe zilikuwa za aina gani.

Nusura safari iishie uwanja wa ndege. Afisa wa pasipoti alimwuliza Thuo anasafiri na nani. Lile neno la Kiingereza la mtu wa kutembeza watalii, Thuo hulitamka kwa ulimi wa Kawangware. Akaninyooshea kidole na kusema, kwa sauti ya kutangaza kanisani:

"Na huyu hapa. Huyu ni gaidi wangu."

Afisa akainua kichwa. Akasoma jina langu. Akatazama ndevu zangu. Nyuma yetu foleni nzima ikarudi hatua moja.

"Gaidi wa matembezi," Thuo akaongeza, akidhani ananisaidia.

Nilitoa kadi yangu ya kazi, ile kadi yenye picha ya twiga ingawa Kibera haijawahi kuwa na twiga. Afisa aliisoma mara mbili, akaziba mdomo kwa kiganja, akagonga muhuri. Tangu hapo Thuo hakuniita jina lingine.

Mumbai ilitupokea kwa joto la jikoni. Hotelini nilimwambia Thuo akae kando atazame kazi. Nikamsogelea mtu wa mapokezi, jamaa mwenye masharubu mazito, nikafungua Kihindi changu. Nilitaka kusema tumefika. Bahati mbaya sentensi pekee ya kufika niliyokuwa nayo ni ile ambayo kijana humwambia mama yake mlangoni baada ya kutoka gerezani. Niliisema yote, kwa hisia, mkono kifuani: "Mama, nimerudi."

Yule jamaa alifungua daftari lake la wageni. Kisha akanijibu kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko changu: "Karibu nyumbani, mwanangu. Pasipoti, tafadhali."

Jioni hiyo Thuo, ambaye hakujua neno hata moja, aliteremka kuomba sabuni. Aliomba kwa Kiswahili, huku akijisugua kwapa. "Sabuni." Akapewa sabuni. Akaomba chai, akapewa chai. Aliporudi chumbani alikuwa amechangamka kama mtoto.

"Gaidi, hawa watu wanaongea Kiswahili! Gari ni gari, chapati ni chapati, kitabu ni kitabu. Wewe ulikuwa unaongea nini pale chini?"

Kesho yake Wamuyu alikuwa ametupangia matembezi katika mtaa wa Dharavi. Mtaa wenyewe ni mkubwa, umebanana, watu wamejaa na kila mlango una kazi yake: huku wanashona, kule wanayeyusha plastiki, pale wanafinyanga vyungu. "Nimefikiria utapenda kuona wenzako wa kazi," Wamuyu aliniandikia. Mwenzangu alikuwa msichana anayeitwa Rukhsana, na nilimpa alama kichwani mwangu tangu hatua ya kwanza. Sauti, sawa. Mwendo, sawa. Filimbi, hana.

Kwa muda wa saa moja niliyafanya yote niliyokataza watu kwa miaka kumi na mmoja. Nilichungulia kwenye nyumba za watu. Nilishtuka kwa sauti kubwa nilipoona mtaro, mimi ambaye mtaro wa kwetu naujua kwa kona zake. Nilimpiga picha bibi mmoja aliyekuwa akianika papadi, vile vichapati vyembamba vya dengu, juu ya vikapu, na sikumwomba. Ndipo Rukhsana alipogeuka akatuambia, kwa tabasamu:

"Watu wa hapa ni maskini, lakini wana furaha."

Nilisimama. Hiyo ni sentensi yangu. Neno kwa neno. Huwa naisema pale juu reli inapopita, wageni wakitazama mabati ya kijiji cha Raila, na huwa wanapenda sana, wengine hufuta machozi. Sikuwahi kuisikia kutoka upande wa kusikiliza. Nikamwomba Rukhsana amwulize yule bibi wa papadi kama ni kweli ana furaha.

Rukhsana alisita, akauliza. Bibi hakuacha kuanika. Alijibu kwa ufupi, na wanawake wote wa kichochoro kile wakaangua kicheko.

"Amesema," Rukhsana akatafsiri, akitazama chini, "mkeo anajua kwamba umevuka bahari kuja kuwauliza wanawake maswali kama hayo?"

Thuo alicheka hadi akashika ukuta. Mimi nilifuta ile picha kwenye simu, nikamwonyesha bibi kwamba nimeifuta, naye akatikisa kichwa kama mtu asiyejali ifutwe au isifutwe. Sentensi ile sijaitumia tena kazini. Haikuwa uamuzi mkubwa. Nikitaka kuisema tu, namwona yule bibi akinitazama.

Ungetarajia nijifunze hapo. Sikujifunza. Jaipur, mji ambao kuta zake za zamani zimepakwa rangi kama ya waridi na ngamia wanavuta mikokoteni katikati ya magari, muuzaji mmoja wa vilemba aliniambia nina kichwa cha kifalme. Hakuna mtu aliyewahi kusema jambo lolote kuhusu kichwa changu. Nilitoka dukani nikiwa na kilemba cha mita sita, rangi ya waridi, alichonifunga mwenyewe na ambacho sikujua kukifunga upya. Kwa hiyo sikukivua. Nililala nacho. Thuo alinunua shuka moja ya Beth, akanywa maziwa ya ngamia na mwenye ngamia, wakaonyeshana picha za wajukuu.

Kutoka Jaipur hadi Kolkata ni zaidi ya siku nzima kwa treni. Nilichukua pasipoti zote mbili, tikiti na simu yangu, nikaviweka kwenye mkoba mdogo, nikamhutubia Thuo.

"Mkoba huu hautoki mwilini mwangu, Mzee. Msafiri hutambulikana kwa mkoba."

Asubuhi behewa lilikuwa na joto, nikautundika kwenye ndoano juu ya kitanda. Treni ikasimama katika stesheni moja kubwa. Nje, mzee mmoja alikuwa akiuza chai kwenye vikombe vidogo vya udongo. Nikamwambia Thuo, "Tulia hapo, nikuonyeshe vile wazoefu hununua chai." Nikashuka na patipati za plastiki miguuni, kilemba kichwani, mfukoni noti moja.

Nilinunua vikombe viwili. Nilimweleza muuzaji, kwa Kihindi changu, kwamba nitalipiza kisasi cha damu ya ndugu yangu, nikimaanisha asante. Nilipogeuka, treni ilikuwa inatembea. Taratibu kabisa, kama inanipa nafasi. Nilikimbia hatua kumi nikijaribu kutomwaga chai, na huo ndio ujinga ninaoujutia zaidi, kwa sababu mtu aliyetupa vikombe angelifikia lile behewa. Thuo alikuwa dirishani. Hakupiga kelele. Alitoa simu yake akanipiga picha.

Kisha reli ikawa tupu.

Sitanii hapa: niliogopa. Sikuwa na karatasi, wala simu, wala namba ya mtu kichwani isipokuwa ya mke wangu Malika, na Malika angefanya nini akiwa Kianda? Nilisimama pale na vikombe vyangu na sikujua hata jina la mji. Nimewahi kuwaona wageni wakipotea Kibera kwa dakika tano, wakibadilika rangi, na huwa nacheka nikiwasimulia wenzangu. Nikakaa juu ya gunia la mtu.

Muuzaji wa chai ndiye aliyeniinua. Alinishika mkono kama kipofu akanipeleka hadi ofisi ya msimamizi wa stesheni, mama mmoja wa miwani. Mama yule alisikiliza Kiingereza changu kilichokuwa kimekatikakatika, akatazama kilemba, akaomba nambari ya behewa, akapiga simu. Baada ya kama nusu saa akaniwekea simu kwenye spika. Alikuwa amempata afisa wa tikiti ndani ya treni, na afisa alikuwa ameketi na Thuo.

"Gaidi!"

Mama wa miwani akaandika neno hilo kwenye karatasi. Namshukuru Mungu hakujua Kiswahili.

"Mzee, niko hapa."

"Umekunywa hiyo chai?"

"Zote mbili."

"Sawa. Sasa nisikilize. Usitoke hapo ulipo. Mkoba ninao. Usimfuate mtu usiyemjua. Na tafadhali, usiongee Kihindi."

Waliniandikia barua na kunipandisha treni ya saa nane, kwenye behewa lililojaa watu waliokuwa wakienda harusini. Walinilisha bila kuniuliza. Halafu wakaanza kunipiga picha. Kwanza vijana, kisha shangazi mmoja mmoja, kisha bwana harusi mwenyewe akanikumbatia shingo. Hakuna aliyeomba ruhusa. Mama mmoja alikuwa akiwaeleza wengine habari zangu huku akinionyesha kwa kiganja kilicho wazi, kuanzia kilemba hadi patipati. Sikuelewa neno lolote, ila sauti ile niliitambua. Ni yangu ya kazi. Nilitabasamu kila nilipoelekezewa simu, na kufikia jioni mashavu yaliniuma.

Kesho yake asubuhi, kwenye stesheni ya Howrah, Thuo alikuwa ananingoja mwishoni mwa jukwaa akiwa ameinua kipande cha boksi la biskuti. Kimeandikwa kwa kalamu nene: YASIN WA KIBERA. Kando yake walisimama mwalimu mstaafu na mkewe aliokutana nao kwenye treni, ambao tayari walikuwa wamempeleka kwao akaoga na kula samaki. Nilipomfikia nilitaka kumwomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno usiku kucha.

"Karibu Kolkata," akasema. "Begi lako nitabeba mimi."

Kolkata kumbe wanaongea Kibengali. Sentensi zangu thelathini zote zilikufa pale, na sikuzililia. Hata sabuni ya Thuo ilihitaji mkalimani mara nyingine, lakini yeye hilo halikumsumbua, aliuliza tu tena. Siku nne alinitembeza. Tulipanda tramu, treni ya barabarani inayokwenda polepole kuliko sisi tulivyotembea, tukala peremende za maziwa, tukatazama wanaume wakicheza drafti kando ya barabara hadi mmoja akampisha Thuo kiti. Thuo alishindwa mara tatu. Siku ya tatu tulisimama mbele ya jengo kubwa jeupe na Thuo akaniuliza ni la nani. Nilifungua mdomo. Kwa kawaida ndani ya sekunde mbili huwa nimepata mfalme na mwaka.

"Sijui," nikasema.

"Tuulize basi," akasema Thuo, akamfuata polisi wa trafiki.

Nyumbani Malika alichukua simu yangu akapitia picha zote, karibu mia sita, akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Akanirudishia simu.

"Yasin, hii India iko wapi? Kila mahali ni pua yako."

Jirani zetu walikuwa wamejaa sebuleni, pamoja na ndugu yangu Farouk. Kawangware walikuwa wameshasikia hadithi kutoka kwa Thuo, na hadithi ilikuwa imetangulia kufika Kianda kabla yangu, kilemba na yote. Kwa hiyo sikuwa na cha kuficha. Farouk aliniuliza huko India watu wanaongea lugha gani.

"Inategemea umeachwa na treni stesheni gani," nikamwambia, na Malika akaenda kuchemsha chai.