Mstari wa Tisa

Kila mara mwalimu wa fasihi alilisoma shairi lile lile la mapenzi, lenye mistari kumi na minne, kama mtu aliyebebeshwa gunia. Mistari minane ya mwanzo, ambamo mpenzi amekata tamaa ya kila kitu, aliisoma taratibu, akisugua chaki kiganjani mpaka vidole vikawa vyeupe pe. Akifika wa tisa, pale moyo unapogeuka, alinyanyuka kwa ncha za vidole vya miguu, mzee mzima, na darasa likaangua kicheko.

Siku moja alifika wa nane akanyamaza. Simu, ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeipiga marufuku darasani, ilikuwa mezani mbele yake. Tangu asubuhi mkewe alikuwa katika chumba cha upasuaji, na wanafunzi wote walijua. Msichana wa dawati la nyuma, mbishi kuliko wenzake wote, akashindwa kuuvumilia ule ukimya. "Lakini mwalimu, mtu aliyekata tamaa hivyo atafurahije ghafla, kwa mstari mmoja tu?"

Kabla hajajibiwa, simu ikalia. Mwalimu akaidaka kwa mikono miwili. "Amezinduka?" akauliza. "Eti ananiulizia mimi?" Akacheka huku machozi yakimtiririka, na darasa zima likalipuka kwa shangwe, yule mbishi akajikuta amepanda juu ya dawati. Mwalimu akamnyooshea kitabu. "Njoo, mwanangu, usome wa tisa. Mimi huyo, naenda zangu!" Akatoka mbio, koti begani. Msichana akasoma kwa sauti ya juu kabisa, ili mwalimu amsikie mpaka getini.