Amri Iliyoitwa Safisha

Mrunal Pendse wa Pune alikuwa fundi wa programu mwenye jina lake mjini, na heshima hiyo aliipata kwa majina. Aliunda maktaba ya programu, yaani mkusanyo wa amri zilizo tayari, ambazo waandishi wengine wa programu huziazima badala ya kuanza upya. Kila amri aliipa jina la neno moja. Jina refu, alipenda kusema, ni dalili ya mtu asiyejua anachotaka.

Mojawapo aliiita "safisha". Asubuhi moja Hemangi, mwandishi wa programu kule Nagpur, alimpigia simu kwa sauti ya mtu aliyetoka msibani.

"Dada Mrunal, nimeitumia ile amri yako, safisha. Rekodi za mvua za wilaya nzima zimetoweka."

"Ndiyo kazi yake," Mrunal alisema huku akikoroga chai. "Inafuta kila kitu. Kwani hukusoma maelezo?"

"Nilisoma jina. Nikadhani inaondoa mistari mitupu. Kwetu, dada, kusafisha mchele ni kutoa mawe. Mchele wenyewe hatuumwagi."

Mrunal alikata simu amefura. Akawapitia wenzake ofisini, akiwauliza safisha inafanya nini, apate wa kumuunga mkono. Mmoja alisema inaondoa nafasi zilizozidi. Mwingine, inarekebisha tarehe. Bwana Godbole, mkuu wake, aliyezoea kuisifu maktaba hiyo mbele ya wateja, alijibu bila kusita kwamba inapanga rekodi kwa alfabeti.

Chai ikamtumbukia nyongo.

Rekodi zilipatikana kwenye nakala ya akiba. Kilichowatoa jasho ni jina jipya. Godbole alitaka "takasa", kwa kuwa lina heshima. Mwishowe Mrunal, kwa shingo upande, akaandika "futaRekodiZoteKabisa", refu kama treni ya Mumbai, kisha akaunda amri nyingine, "ondoaMistariMitupu". Tangu hapo hakuna aliyepiga simu kuuliza lolote, jambo ambalo, kusema kweli, lilimuuma kidogo.

Mwaka uliofuata kampuni ikamtunuku kwa umahiri wa kutoa majina yanayoeleweka. Jukwaani, shada la maua shingoni, aliamua kusema kweli.

"Sifa hizi si zangu. Mimi amri ile niliiita safisha. Aliyenifumbua macho ni Hemangi wa Nagpur, baada ya mimi kumpotezea mvua zake."

Ukumbi ukacheka, ukapiga makofi. Godbole akamwinamia jirani yake.

"Unamwona? Mkubwa vile, na bado anajishusha."