Ng'ombe wa Filomena na Maziwa ya Kupimwa Mionzi

Mwalimu ameniachia daftari na kalamu, ananiambia, "Bibi, andika habari za Filomena." Kwani mimi karani? Nilisoma madarasa mawili tu, la tatu baba akanipa ndama nichunge. Vidole vinauma, na Filomena mwenyewe yupo hai, angeulizwa yeye. Lakini angejipamba. Basi naandika mimi, na asinisahihishe mtu.

Filomena ni mjane wa hapa Gehandu, ana ng'ombe wengi na mdomo usiochoka. Mwaka huu mvua zilipoanza walikuja watu wa utafiti wa mionzi, mkubwa wao binti mmoja anaitwa Judica, mtu wa Kilimanjaro. Mionzi haionekani wala hainuki. Judica alieleza kwamba siku ikitokea ajali ya mionzi, watu watauliza kwanza: maziwa haya tuwape watoto au tumwage? Ili ajue kilichoongezeka, lazima ajue kilichokuwepo toka zamani kwenye udongo, majani na maziwa. Kwa hiyo kila wiki mbili atachukua lita moja akaipime Arusha, ng'ombe yuleyule, malisho yaleyale, mpaka ng'ombe akauke maziwa.

Akachagua boma la Scolastica, jirani yake Filomena, kwa sababu liko karibu na barabara. Na ng'ombe aliyemchagua ni mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji.

Yule mweusi alikuwa wa Filomena!

Kwetu mwenye ng'ombe wengi huweka wengine kwa jirani. Jirani anakunywa maziwa, ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Na mambo hayo hayasemwi mbele ya wageni, maana mmoja ataonekana anaringa na mwingine ataonekana hana kitu. Filomena alimweka yule mweusi kwa Scolastica mwaka ule wa ukame, akanyamaza.

Sasa kunyamaza kukawa kama kumeza jiwe. Gari likija linasimama kwa Scolastica. Judica anashuka, anapiga goti kidogo, "Shikamoo bibi." Scolastica kapewa kofia ya utafiti, anaivaa mpaka kanisani, juu ya kitambaa! Zamani alisafisha kibuyu chake cha maziwa kwa mkaa nyuma ya nyumba kama sisi wote. Siku hizi anakisafishia kando ya barabara, watu wapite waone.

"Maziwa yangu yamefika Arusha," alimwambia Filomena kisimani. "Ya kwako yamefika wapi, Mama Vicent?"

"Tumboni mwa wajukuu wangu," Filomena akajibu. 

Mwezi wa sita akaenda kumchukua ng'ombe wake. Mwenyewe akija, humnyimi. Scolastica alifungua zizi, akasema tu, "Wivu huo, dada."

"Ni ng'ombe huyu," akajibu Filomena, akamswaga mpaka kwa mwanawe Vicent, kijiji cha Mogitu.

Gari likaja. Scolastica angesemaje? Kusema ng'ombe ameondoka ni kusema hakuwa wake. Akakamua mwingine, akajaza chupa.

Siku kumi hazijaisha Judica akarudi, uso umekunjamana, akaita watu. Filomena alikaa mbele kabisa, ametulia kama bibi harusi, anasubiri kuona mwenzake akivuliwa kofia.

"Vipimo havifanani na vya nyuma," alisema Judica. "Bibi Scolastica, ng'ombe ni yuleyule?"

"Ni ng'ombe," alisema Scolastica.

Watu wakacheka. Judica hakucheka.

"Hakuna hatari. Ng'ombe mwingine au malisho mengine yanaweza kuleta hivyo. Lakini nisipojua, nafuta boma hili kwenye vipimo, na upande huu sina lingine. Ajali ikitokea sitakuwa na cha kulinganisha. Nitawaambia mmwage maziwa ya kila nyumba, hata yale mazima, mpaka niwe na uhakika. Hiyo ni miezi."

Filomena akaona vibuyu vyake vyote vinamwagwa mavumbini. Akamtazama Scolastica. Kofia ameivua mwenyewe, ameiweka magotini. Scolastica angeweza kumtaja Filomena, na hakumtaja. Hilo ndilo lilimchoma kuliko yote: hata sifa ya kutunza siri, Scolastica ameichukua yeye!

Akasimama. "Ng'ombe ni wangu. Nilimwondoa mimi. Yuko Mogitu."

Wazee waliinamisha vichwa, jambo lile kusemwa mbele ya wageni.

"Ulimwondoa kwa nini, bibi?" Judica akauliza.

"Hukuja kunisalimia."

Scolastica akaangua kicheko mpaka akajishika mbavu. "Mama Vicent, hata kwenye mionzi unataka kiti cha mbele!"

"Kama ng'ombe ni wangu, na kiti ni changu."

Yule mweusi alirudishwa kesho yake, tena kwa Scolastica, maana malisho lazima yawe yaleyale. Chupa iliyoharibika Judica aliiandika kwa wino mwekundu pamoja na sababu yake. Karatasi ya boma sasa ina majina mawili: mkamuaji Scolastica, mwenye ng'ombe Filomena. Filomena hasomi vizuri, lakini anajua juu na chini. Jina lake liko chini. Gari likisimama anafika kabla ya chupa, anauliza, "Limepanda?" Judica anamwamkia, anacheka, halipandishi.

Mimi Filomena simpendi sana. Lakini wewe uliyesoma mpaka hapa una mkono mzima na macho mazima. Chukua karatasi, umwandikie Judica apandishe jina la mwenye ng'ombe. Andika leo, kwa herufi kubwa.