Karatasi Iliyopigwa Pasi

Jambo la kwanza ambalo mtu hulitambua kwake ni kwamba hawezi kuona kitu kilichokunjamana akakipita. Ukikaa naye mezani, mkono wake utasogea wenyewe kulainisha pembe ya kitambaa. Ukimpa noti kuukuu, ataipitisha kwanza kwenye ukingo wa meza ndipo aitie mkobani. Ndiyo maana mtaani anaitwa Mama Pasi, na wifi yake, ambaye ulimi wake haujui kulala, husema kaka yake alijiolea mke wa kunyoosha dunia.

Kazi yake ni kupiga pasi katika duka la dobi lililo nyuma ya soko. Chumba ni chembamba, kina meza ndefu na bomba la mvuke linalopita ukutani, na ikifika adhuhuri vioo vya madirisha hutiririka maji kana kwamba navyo vimetoka kazini. Shati hulianzia kola, akaja mabegani, kisha mikono, na kifua hukiacha mwisho kwa sababu ndicho kinachotazamwa. Nguo nyeusi huigeuza ndani nje isije ikang'aa. Alifika hapo akiwa mgeni asiyeijua hata njia ya kurudi alikopanga. Mwenye duka hakumuuliza ametoka wapi. Alimpa shati lililojikunja kama karatasi ya kutupwa, akamwambia aonyeshe anachokijua. Jambo hilo hajalisahau hadi leo, na kila anapomtaja bosi wake humwombea heri.

Bomba lile la mvuke ndilo lililomletea mume. Lilipasuka asubuhi moja, akaitwa fundi bomba, mtu mrefu, mpole, mwenye mfuko wa spana begani. Alilitengeneza. Kesho yake akarudi kulikagua, na kesho kutwa vilevile. Bosi alipoona ukaguzi umezidi, alimshauri fundi azungumze na binti mwenyewe, bomba aliache lipumue. Mwaka ule ule wakaoana.

Kwa ndoa hiyo Mama Pasi akapata kibali cha muda, kile wanachopewa wake na waume wa wenyeji, ambacho huhuishwa kila mwaka. Alikipokea kwa mikono miwili. Baadaye, ndoa ilipokomaa kwa miaka iliyotakiwa na sheria, waliomba ukaazi wa kudumu. Hapo ndipo lilipojitokeza sharti moja lililomkaa moyoni kama jiwe: mwombaji akitoka nje ya nchi kabla ya uamuzi, ombi lake hufungwa na kuanza upya. Na ng'ambo ya mpaka alikuwako mama yake mzazi, ambaye magoti hayakumruhusu tena kusafiri, na ambaye hakuwahi kumpakata mjukuu wake, aliyezaliwa wakati wa kusubiri. Alimjua kwa simu tu: paji la uso, pua, na kidole kilichoziba kamera. Hakulalamika hata siku moja. Aliuliza tu, kila walipozungumza, kama mtoto ameongezeka uzito, ili ajue atambebaje.

Ndipo wakaitwa kwenye mahojiano. Fundi bomba alikwenda ofisi ya uhamiaji kuchukua miadi, mashine ikamtolea kikaratasi chenye tarehe na namba, naye akaambiwa asikose kuja nacho. Akakitia mfukoni mwa ovaroli, pamoja na spana. Kilipofika nyumbani kilikuwa na sura ya jani la kabichi.

Mchana wa siku iliyotangulia mahojiano, Mama Pasi alikusanya nyaraka zao zote mezani. Cheti cha ndoa kilikuwa na mikunjo minne, cha kuzaliwa mtoto kilikuwa na pembe iliyopinda kama sikio la mbwa. Kwake hiyo ilikuwa sawa na kwenda kwa wakubwa bila kunawa uso. Akawasha pasi moto mdogo, akatandika kitambaa safi juu ya cheti cha ndoa, akapitisha mara moja. Kikalala kama kipya. Akafuata kile cha mtoto. Kisha akaja kwenye kikaratasi cha miadi.

Alipoinua kitambaa, roho ilimruka. Karatasi ilikuwa nzima, laini, imenyooka vizuri kabisa, lakini nyeusi tititi. Tarehe na namba vyote vimemezwa. Mumewe aliitwa, akaishika kwenye mwanga, akapiga mluzi. Akamweleza kwamba karatasi za mashine zile hazina wino. Huandikwa kwa joto, kwa hiyo ukiziongezea joto zinajiandika zote, zikawa nyeusi.

Mume alitaka waseme imepotea. Mke akakataa katakata, akasema hakuja katika nchi ya watu kumdanganya ofisa wao. Wakabishana mpaka chakula kikapoa, na mwishowe mume akamwambia anyamaze tu, amwachie yeye.

Kesho yake Mama Pasi aliwahi kumpa mlinzi wa mapokezi ile karatasi, naye akaigeuza pande zote mbili, akawatupia jicho, akawaruhusu. Ofisa aliyewapokea alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi. Aliwahoji mmoja mmoja, mlango umefungwa. Mke alipoulizwa habari ya karatasi, alijibu kwamba ameipiga pasi kwa sababu ilikuwa imekunjamana. Mume alipoingia, karatasi ilikuwa tayari mikononi mwa ofisa, na ule uongo wa kupotea haukufaa tena. Akaokota mwingine.

Wakaitwa chumbani wote wawili.

"Mke wako anasema aliipiga pasi yeye," ofisa alisema. "Wewe unasema uliipiga wewe. Mmoja wenu ananidanganya."

 Akilini Mama Pasi alimwona mama yake na magoti yake, na ombi lao likifungwa mbele ya macho yake.

"Haya, baba," ofisa aliendelea. "Pasi uliitia moto kiasi gani?"

"Wa kutosha, mkuu."

"Huyu, mama?" Mama Pasi alishindwa kujizuia. "Hajui hata pasi inawashiwa wapi. Siku aliyojaribu aliunguza kola ya shati lake la kuendea harusi ya dada yake."

"Haikuungua. Ilibadilika rangi tu."

"Ilibadilika ikawa kama kiatu. Wifi ananitania nayo mpaka leo."

"Dada yangu hutia chumvi kila kitu, nawe unajua."

Waliendelea hivyo, wamesahau walipo, mpaka ofisa akavua miwani. Alimuuliza mume kwa nini basi amejitwika kosa lisilo lake.

Fundi bomba alitazama viganja vyake. "Nilifikiri, kama kuna kosa, heri liwe langu. Mimi hamna pa kunirudisha."

Mama Pasi aliinamisha uso, maana machozi yalikuwa yamemfika. Ofisa alivaa tena miwani, akamwonya mume kwamba uongo ni uongo hata ukiwa wa mapenzi, asiurudie mezani pake. Kisha akaandika kwa muda mrefu. Alipomaliza aliwafahamisha kwamba namba yao ilikuwa kwenye kompyuta tangu siku ya kwanza. Kikaratasi ni cha kupangia foleni tu.

Jibu lilikuja wakati wa mvua. Mama Pasi aliipokea kadi ya ukaazi wa kudumu akiwa kazini, akakaa chini kwenye kapu la mashuka, akalia kwa furaha. Bosi alizima mvuke, akamwambia alie vizuri bila haraka. Wifi alipopata habari alikuja mbio, na kwa mara ya kwanza tangu ajulikane hakuwa na mzaha. Alimkumbatia tu, akamwita dada.

Tikiti za basi zimeshanunuliwa, na safari ni Ijumaa. Mtoto, ambaye siku hizi anakimbia na kuuliza maswali, anataka kujua bibi atatokaje ndani ya simu. Bibi naye ameambiwa kwamba basi litaingia adhuhuri. Amejibu kuwa amesikia, lakini atakuwa kituoni tangu alfajiri, na ameshamwomba jirani kiti cha kukalia.