Mama Mapazia na Sweta za Chekechea

Mama Mapazia alikuwa haombi. Chumvi ikimwishia alikuwa radhi ale hivyo hivyo kuliko kugonga mlango wa jirani. Ndiyo maana watu walishangaa alipojiunga na chama cha wafanyabiashara wadogo, kile kilichokutana kila Alhamisi asubuhi kwenye chumba cha juu cha mgahawa, mahali ambapo kazi ya watu ni kutafutiana wateja.

Mambo ya chama yalikuwa mepesi. Mtu anasimama, anasema kazi yake, kisha anasema amemsikia nani huko nje anayehitaji kazi ya mwenzake. Fundi bomba akikuta nyumba mpya ina madirisha matupu, anamtaja Mama Mapazia. Mama Mapazia akikuta bomba la mteja linavuja, anamtaja fundi bomba. Na ili watu wasigombanie mfupa mmoja, kila kazi ilikuwa na kiti kimoja tu, yaani mwanachama mmoja.

Yeye alielewa nusu ya kwanza. Kusimama na kujisifu, hapo alikuwa bingwa. Wenzake wakisema yao, yeye alikuwa akipima kwa macho madirisha ya mgahawa.

Siku moja akaja mgeni: wifi yake, mdogo wa mumewe, mfuma sweta. Hawakuwa wamegombana hawa. Walikuwa wakipimana tu, kama wifi na wifi. Mgeni akaeleza kazi yake vizuri, na mwenyekiti akauliza kama ilivyo desturi, "Kuna mtu humu ambaye kazi hii ni yake tayari?"

Mama Mapazia alisikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Sweta? Hata mimi nashona."

Wifi alimtazama. Angeweza kuuliza tangu lini, maana mashine ya kufuma Mama Mapazia hajawahi hata kuigusa. Hakuuliza. Akamaliza chai yake, akashukuru watu, akashuka ngazi. Mama Mapazia akajiambia amelinda chake.

Alhamisi iliyofuata uongo ukaota miguu. Mwanachama mmoja, mwalimu mwenye chekechea yake, mwanamke mpole asiyependa maneno mengi, akasimama. "Leo nina kazi ya Mama Mapazia. Wanangu wanataka sweta kabla baridi haijaingia. Nimewaambia wazazi fundi ninaye, ni mwenzangu."

Watu wakapiga makofi. Angeweza kukataa pale pale. Lakini alikuwa ameshayavulia maji nguo, naye si mtu wa kuonekana anavaa tena.

Akanunua kitambaa kizito chenye manyoya, akapima mabega, kifua na urefu, akakata. Hakujaribu moja kwanza. Mumewe aliinua mojawapo, akaigeuza huku na huku. "Mke wangu, mbona hizi hazivutiki?"

"Wewe umeshashona sweta?"

"Sijashona. Nimevaa."

Akamnyang'anya ile sweta, akaikunja pamoja na nyingine.

Siku ya kupeleka, wazazi walijaa uani pale chekechea. Mwalimu akamchagua mtoto wa kwanza, msichana mwenye kichwa cha mviringo na furaha tele, akamvisha. Sweta ikashuka hadi kwenye paji la uso, ikakwama. Mwalimu akavuta. Mikono ya mtoto ikabaki juu kama mwizi aliyekamatwa, na sauti ikatoka ndani ya kitambaa, "Mwalimu, kumeshakuwa usiku?"

Wazazi wakacheka. Kisha mtoto akaanza kulia, wakaacha kucheka. Aliyekata ile shingo ya sweta kwa mkasi ni Mama Mapazia mwenyewe, mama wa mtoto akimwambia polepole, "Angalia sikio la mwanangu."

Mwalimu hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Aliwageukia wazazi akasema, "Kosa ni langu, mimi ndiye niliyemsifu." Maneno hayo Mama Mapazia alirudi nayo nyumbani kama mzigo wa kuni mbichi. Hakula.

Asubuhi akabeba mfuko wa zile sweta hadi kwa wifi yake.

"Karibu wifi. Leo jua limetokea wapi?" Wifi akatoa sweta moja, akapitisha ngumi kwenye shingo, ngumi ikagoma. "Wifi, dirisha halina kichwa. Mtoto anacho."

"Wewe nicheke tu."

"Sicheki. Nikicheka nitakuwa nimekusamehe."

Mama Mapazia akatazama sakafu. "Basi nifumie. Mimi nitampelekea mwalimu."

"Kwa jina la nani?"

Hapo ndipo aibu ilipomshika barabara, kwa sababu jibu alikuwa nalo, na ndilo lililomleta. Alitaka afumiwe kimya kimya, kisha asifiwe yeye.

"Sweta nitafuma," wifi akasema, "watoto hawana kosa. Lakini nitazipeleka kwa mkono wangu. Na Alhamisi utanikaribisha pale juu, wewe na si mwingine."

"Mbele ya wote?"

"Uliponizibia ilikuwa mbele ya nani?"

Alhamisi wakapanda ngazi pamoja bila kusemezana. Zamu ilipofika Mama Mapazia alisimama, na yule bingwa wa kujisifu akatafuta maneno kama mtu anayetafuta funguo gizani. "Huyu ni wifi yangu. Anafuma sweta. Mimi sifumi."

"Lakini siku ile ulisema..." mwenyekiti akaanza.

"Nilisema. Nilisema uongo asipate kiti."

Fundi bomba akaangalia ndani ya kikombe chake. Mwalimu akaondoa mkoba wake kwenye kiti cha jirani, akamwita wifi akae, wakaanza kunong'ona habari za shingo na vichwa. Mama Mapazia hakuna aliyemwambia aketi. Akaketi mwenyewe. Alitamani kutoka, lakini kutoka ni kukimbia, naye si mtu wa kukimbia.

Fundi rangi akasimama, akasema anatafuta nyumba za kupaka. Kwa mara ya kwanza Mama Mapazia alikuwa anasikiliza. Akamkumbuka mteja wake mmoja anayelalamikia kuta zake kila siku. Alitaka kumtaja, mkono ukawa mzito. Nani sasa angeamini neno lake? Akauinua hata hivyo, nusu, kama mtu anayejikinga jua.

"Sema," mwenyekiti akamwambia, bila kumtazama.