Amri Kutoka Mkoani

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa karani wa simu katika kituo kidogo cha zimamoto, Korogwe ya Zamani. Gari lilikuwa moja, na dereva wake mzee wa Kizigua kutoka Handeni. Simu ikilia niliuliza ni wapi, nikampa ufunguo, akaondoka.

Kisha ikaja barua. Simu zote za moto sasa zingepokelewa mkoani, na gari lisitoke bila amri ya huko. Ufunguo nikae nao mimi. Mzee alinitaka niisome mara mbili.

"Na moto nao umepelekewa nakala?" akauliza.

Asubuhi moja ya kiangazi mwanamke aliingia mbio, hana hata viatu. Nyumba ya jirani yake upande wa mtoni ilikuwa inaungua, na ndani yumo bibi asiyeweza kutembea. Dirishani niliuona moshi. Nikamwomba opereta wa posta aniunganishe na mkoani. Laini ilikuwa na watu.

"Mwanangu, nipe ufunguo," mzee akasema.

"Amri bado, mzee."

"Moshi unauona?"

"Nauona."

Angeweza kuninyang'anya, lakini alikuwa mtu wa heshima, nami nilikuwa naogopa kufukuzwa kazi.

Laini ilipopatikana, mtu wa huko aliniuliza kata, mtaa, jina la balozi wa nyumba kumi. Nikamwambia nyumba naiona kwa macho yangu. Akasema lazima ajaze fomu kwanza.

Aliporuhusu, nilipanda gari pamoja na mzee. Paa la nyasi lilikuwa limeshaangukia ndani. Majirani walikuwa wakimwaga maji ya ndoo kwenye kuta. Mzee alivuta mpira, akazima kilichobaki, bila kunitazama.

Siku ya tatu nilikwenda matangani. Binti wa marehemu alinijua.

"Wewe ndiye wa simu?"

"Ndimi, dada."

Nikamweleza yote, sikuficha.

"Angekuwa bibi yako, ungengoja?"

Akasogea kidogo mkekani, nikakaa hapo mpaka dua ikaisha.

Haukupita muda nikaomba uhamisho, nikapelekwa Handeni kupiga chapa. Miaka mingi baadaye nilikutana na mzee stendi, nikamwamkia shikamoo. Aliitikia, akauliza habari za watoto wangu, mmoja mmoja. Habari ya moto ule hakuigusa, nami sikuthubutu. Basi lake likaja, akapanda.