Ndugu yangu alinyamaza, na Mama akatoa ushuhuda kanisani

Wakuu, salamu kutoka Kitengela yenye vumbi. Hii sikuambiwa na mtu, ilitokea kwa nyumba yetu. Mwenye anataka chumvi, apitie uzi ingine.

Miaka ya tisini tulihama kutoka western, tukapanga hapa. Bro yangu mkubwa, Wafula, alikuwa anachonga mawe kwa kwari.

Huyo jamaa alikuwa na mdomo! Mama Naserian, Mmaasai wa kutuletea maziwa, akitusalimia "Sopa" ya Kimaasai kwa gate, Wafula anajibu "Epa!" hadi kuku zinaruka.

Early two thousands, akanyamaza. Salamu hajibu. Anajifungia na Biblia, hata chapati ya Mama hataki.

Mama alifurahi, woi! Jumapili akasimama kanisani: "Bwana asifiwe! Kijana yangu ameacha kelele ya dunia." Tukapiga makofi, na mimi nikapiga.

Miezi ikaenda hivyo. Siku moja akatuambia redio ya jirani inamtaja jina, na maziwa imewekwa sumu. Alikuwa analia, wakuu. Mtu wa kubeba mawe, analia akishika leso ya Mama.

Baba akampeleka hospitali Kajiado. Daktari akasema ni psychosis, akili inaskia na kuamini vitu haziko, na inatibika. "Lakini mngekuja mapema."

Hiyo "mapema" ilimchoma Mama. Aliacha hata kwaya.

Wafula akaanza dawa, pole pole akarudi rudi. Sasa nurse akatuuliza kitu. Kuna watafiti wanakusanya data kutoka clinic tofauti tofauti, wanatoa majina, wanaweka story pamoja ndio wajue hii ugonjwa huanza aje. Tutakubali?

Mama akakataa katakata. "Watu wajue nilishukuru Mungu juu ya ugonjwa ya mtoto wangu?"

Wafula akamwambia, "Mama, story ni yangu, na mimi nimekubali. Wewe waambie tu ile ya kanisa." Mama aliwaambia, machozi ikimwagika.

Ikapita muda mrefu. Siku ya clinic, nurse akamkalisha Mama kando.

"Mama Wafula, zile story zimewekwa pamoja. Nyumba nyingi, kijana alinyamaza kwanza. Na wazazi wakafurahi."

"Hata wengine walishukuru Mungu?"

"Hata wengine. Siku hizi mzazi akituambia mtoto ametulia ghafla, hatumrudishi nyumbani. Tunamuuliza zaidi."

Mama alishika mkono ya huyo nurse, hakutaka kuiachilia. Ni kama mtu alimtua mzigo. Nampenda sana huyo mama yangu, wacha niseme.

Jumapili akasimama tena. "Bwana asifiwe. Ule ushuhuda wangu wa zamani, naurudisha. Mtoto akinyamaza ghafla, msipige makofi. Mpelekeni Kajiado."

Nikaona aibu, nikaangalia viatu.

Lakini tukitoka nje, mama mmoja akamvuta kando. "Msichana wangu hajaongea na sisi tangu shule ifungwe."

Wafula mwenyewe ndio aliwasindikiza clinic. Hao walifika mapema, hata redio haikuwa imeanza kumtaja huyo mtoto.

Kesho yake Mama Naserian akasema "Sopa" kwa gate. Wafula akajibu "Epa", ya chini tu, kuku hazikujua. Mama alikuwa jikoni. Akaanza kuimba.

Nilichojifunza, wakuu: mtu wako akibadilika, muulize, hata kama amebadilika kuwa mzuri.

Kwenu ni nani alinyamaza? Andikeni hapa chini. Majina mtoe, story muache.